Sisimizi wa Sandarusi

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na kasha dogo la mkangazi lililokaa chini ya kitanda chake miaka yote niliyomfahamu. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za kodi ya kichwa za marehemu babu, pete moja ya fedha iliyopasuka, na kitambaa cheupe kilichofungwa fundo. Katika fundo hilo mlikuwa na donge la sandarusi, ukubwa wake kama kidole gumba cha mtu mzima, rangi yake kama chai ya rangi. Upande mmoja ulikuwa umesuguliwa hata ukawa laini kama kioo. Upande wa pili ulikuwa na vijipele vidogo vidogo, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ukiliinua donge hilo mbele ya dirisha ulimwona sisimizi.

Alikuwa mmoja tu, mzima, miguu yote sita, papasio moja imenyooka na nyingine imekunjwa chini ya kichwa kana kwamba alikuwa akijipangusa. Kando yake palikuwa na povu dogo la hewa. Babu alilipata donge lile kwa baba yake, ambaye alikuwa mmoja wa wachimbaji wa sandarusi katika nchi ya Uzaramo, na hakuliuza kwa sababu ya huyo sisimizi. Bibi alinionyesha nilipokuwa na umri wa miaka saba au minane. Nilipotaka kulishika aliniambia, "Taratibu, mume wangu. Huyo ni mkubwa kuliko mimi na wewe. Mshike kwa adabu."

Bibi alipofariki mwaka 1979 kasha lilikuja kwangu. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari, na vifaa vya kufundishia vilikuwa haba. Darubini ilikuwa moja, na kioo chake kimoja kilikuwa na ufa. Kwa hiyo nililichukua donge la bibi nikalifanya kifaa. Kila mwaka tulipofika mada ya visukuku nililitoa katika kitambaa kilekile, nikalipitisha darasani mkono kwa mkono, na nikawaambia wanafunzi kwamba sisimizi wanayemtazama aliishi miaka milioni arobaini iliyopita, kabla binadamu hajakanyaga dunia. Darasa lilikuwa likinyamaza kimya. Nilifanya hivyo kwa miaka kumi na minne, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimejuaje.

Ukweli ni kwamba sikuwa nimejua. Nilisoma katika kitabu kimoja cha Kiingereza habari za wadudu waliomo ndani ya kaharabu ya bahari ya Baltiki, wenye umri wa mamilioni ya miaka, nikaona picha ya sisimizi aliyefanana sana na wetu, nikamvika sisimizi wa bibi umri wa yule wa Ulaya. Kufanana kwao ndiko kulikokuwa ushahidi wangu wote.

Mwaka 1994 mvulana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye alikuwa ametazama ile filamu ya madinosauri iliyotoka mwaka 1993, aliniuliza kama haiwezekani kumtoboa sisimizi huyu na kumfufua. Darasa likacheka, nami nikacheka nao. Kisha msichana aliyekaa nyuma, mtoto wa Kisarawe, akanyosha mkono. Akasema, "Mwalimu, ulituambia babu wa baba yako alilichimba kwa jembe, na shimo halikupita kiuno. Miaka milioni arobaini inakaa chini ya mchanga wa kiunoni?"

Nilimjibu kwa ukali. Nilimwambia kwamba jiolojia si somo la kidato cha tatu. Akakaa chini. Jioni ile nilirudi nyumbani nikiwa na aibu ambayo sikutaka kuipa jina.

Nilikuwa nimesoma mahali fulani kwamba kaharabu ya kweli haidhuriwi na asetoni, lakini ulimbo mchanga hulainika. Maabara ya shule haikuwa na asetoni. Mke wangu alikuwa na kichupa cha dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nikatia tone moja upande uliosuguliwa, nikasubiri kidogo, nikabonyeza kwa kidole. Kidole kikanata. Nilipokitoa, alama ya ngozi ya kidole changu ilibaki juu ya kichwa cha sisimizi, na ipo mpaka leo.

Tangu siku ile nimesoma habari za sandarusi kila nilipozipata, na mengi nimeyapata baada ya kustaafu. Kwanza yalinibidi maneno. Sisi watu wa pwani tuna maneno matatu ambayo Wazungu walikaribia kuyachanganya kuwa moja. Ambari ni kile kitu chenye harufu kinachotoka tumboni mwa nyangumi na kuokotwa ufukweni. Kaharabu ni ulimbo wa miti ya kale uliogeuka jiwe. Sandarusi ni ulimbo wetu unaochimbwa mchangani. Waingereza waliichukua ambari ya Waarabu wakaipa kaharabu jina hilo, kwa kuwa vyote viwili huokotwa baharini baada ya dhoruba. Neno letu kaharabu lenyewe lilianzia kwa Waajemi, nalo lina maana ya kinyakuzi cha nyasi kavu, kwa sababu ukiisugua kwa kitambaa huvuta mabua mepesi. Wayunani waliita elektroni, na Mwingereza William Gilbert mwaka 1600 akalitumia neno hilo kuitaja nguvu ile ya kuvuta. Mwarabu wa leo akisema kaharabu imekatika, ana maana umeme umekatika. Nilifurahi kulijua jambo hili kuliko linavyostahili, pengine kwa sababu nilikuwa nimefundisha umeme na sandarusi katika chumba kimoja bila kujua kwamba ni jamaa.

Pili nilimjua mti. Msandarusi ni mti wa misitu ya pwani, kuanzia Kenya kushuka hadi Msumbiji, na visiwani Unguja na Pemba, na Madagaska. Matunda yake ni maganda mafupi, magumu, yenye vinundu kama chunjua, na jina lake la kitaalamu, Hymenaea verrucosa, limetaja chunjua hizo. Mti ukijeruhiwa na mende watoboao magogo, au tawi likivunjwa na upepo, hutoa ulimbo kuziba jeraha. Ulimbo hutiririka, hukauka juu, halafu mtiririko mwingine hupita juu ya ule wa kwanza. Mdudu anayepanda shina na kunasa katika mtiririko wa kwanza huzikwa na wa pili. Ndiyo maana ukiangalia vizuri utaona matabaka, na mara nyingi mdudu amelala kwenye mpaka wa matabaka mawili.

Ulimbo unaookotwa mtini au chini ya mti, wachimbaji waliuita chakazi. Haukuwa na thamani kubwa, kwa kuwa ulikuwa laini. Waingereza wakalisikia neno chakazi wakalitamka kwa jina la punda dume katika lugha yao, na likaingia hivyo katika vitabu vya bei vya London. Sandarusi ya kweli ilikuwa ile iliyokaa ardhini, katika mchanga mwekundu, hata mahali ambapo mti wenyewe umetoweka. Hiyo ilikuwa ngumu, na ilipooshwa uchafu wake ilionyesha vile vijipele. Wazungu waliviita ngozi ya bata bukini. Kwa hiyo donge la bibi halikuwa chakazi; baba wa babu hakudanganya, alilichimba. Hilo lilinipa faraja kidogo.

Richard Burton alipita pwani yetu mwaka 1857, akienda kutafuta maziwa makuu pamoja na Speke, na katika kitabu chake cha mwaka 1860 aliandika kurasa kadhaa kuhusu sandarusi. Anaeleza kwamba mchimbaji hutoboa ardhi kwa mti uliochongwa, shimo lenye upana wa inchi sita hivi, kisha hutoa mchanga kwa mkono hadi pale mkono unapofika. Mkono ukiisha, shimo limeisha, anahamia pengine. Burton aliuona huo kuwa uvivu na upotevu wa mali. Mimi, mjukuu wa mmoja wao, ninaona jambo jingine. Mtu anayechimba shimo la urefu wa mkono hana mtaji, hana ngazi, hana mbao za kuzuia kingo, na hajui kama msimu ujao shamba lile la sandarusi litakuwa bado mikononi mwa ukoo wake au litakuwa la mwenye bunduki. Hachimbi zaidi kwa sababu mahindi yake yanamngoja. Na yule msichana wa Kisarawe alikuwa amepima sawasawa. Pengine nyumbani kwao walisimuliwa.

Sandarusi iliyochimbwa ilibebwa hadi Bagamoyo, Mbwamaji, Kilwa na vijiji vingine vya Mrima, ikapimwa kwa frasila, yaani ratili thelathini na tano hivi, ikavushwa kwa majahazi hadi Unguja. Huko wanunuzi wakubwa walikuwa Wamarekani wa mji mdogo wa Salem katika jimbo la Massachusetts. Mwaka 1833 Sayyid Said alitiliana mkataba wa biashara na mjumbe wao Edmund Roberts, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akafika kuwa balozi wao wa kwanza Unguja. Balozi na mfanyabiashara walikuwa mtu yule yule. Walileta nguo ya pamba iliyofumwa huko Massachusetts, ambayo sisi tukaiita merikani, na jina limebaki. Walirudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi.

Sandarusi ilisafirishwa na mchanga wake mpaka Salem, ikaoshwa huko kwa maji ya magadi katika kiwanda cha Jonathan Whipple, kisha ikachaguliwa na kuuzwa kwa watengenezaji wa vanishi. Hakukuwa na vanishi ngumu kuliko iliyotoka kwetu. Ilipakwa kwenye magari ya farasi ya matajiri na kwenye samani. Mwaka 1861 serikali ya Marekani iliweka ushuru wa senti kumi kwa kila ratili ya sandarusi isiyosafishwa, na kwa hiyo kazi ya kuosha ikahamia Unguja. Wakati ule ule vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilikata merikani, na biashara ikaelekea zaidi Ulaya.

Nimejaribu kumwona baba wa babu yangu katika habari hizi. Sikumwona. Yupo katika hesabu za frasila, lakini hesabu hazina majina. Nimewaona Sayyid, balozi, mwenye kiwanda na msafiri. Mtu aliyetia mkono wake shimoni hadi bega, akipapasa mchangani asijue atagusa donge au nge, hakuandikwa popote. Kitu pekee kinachonionyesha kwamba alikuwa na macho na moyo wake ni kwamba siku moja alishika donge, akaliosha, akamwona sisimizi, akaamua kutoliuza. Donge lile lingempatia upande wa kaniki, au chumvi. Sijui mke wake alisemaje.

Mtu aliyeeleza vizuri sandarusi hutoka wapi ni John Kirk, daktari wa Kiskoti aliyefika Unguja mwaka 1866 na baadaye akawa balozi wa Uingereza. Kabla yake wapo waliofikiri kwamba sandarusi ya ardhini ni ya mti mwingine uliokufa zamani sana. Kirk alikuwa mtaalamu wa mimea. Alitazama majani na maua yaliyonaswa ndani ya madonge yaliyochimbwa, akayalinganisha na msandarusi uliokuwa hai pwani, akaona ni mti ule ule. Ningemsoma Kirk mwaka 1980, nisingepata aibu ya mwaka 1994. Maana kama majani ni ya mti ulio hai leo, na wadudu ni jamaa za wadudu walio hai leo, basi ile milioni arobaini ilihitaji ushahidi mkubwa sana, na mimi sikuwa na hata mdogo.

Ushahidi wenyewe ulikuwa umekwisha kutolewa. Mwaka 1983 wataalamu wa London walichapisha vipimo vya kaboni vya ulimbo wa namna hii kutoka nchi mbalimbali, na umri waliopata ulikuwa wa karne tu, si wa mamilioni. Vipimo vya baadaye vya Madagaska, vya ulimbo wa mti huu huu wetu, vimetoa mara nyingi mamia machache ya miaka. Mwaka 2020 kundi la wataalamu likiongozwa na Mónica Solórzano Kraemer lilipendekeza mipaka ya majina: ulimbo uliozidi miaka milioni 2.58 uitwe kaharabu. Ulio chini ya hapo hadi mwaka 1760 uitwe kopali, ambalo ndilo jina la sandarusi katika biashara ya dunia. Na uliotoka baada ya 1760 upewe jina la ulimbo wa zama za kupungua kwa wanyama. Mwaka 1760 waliuchagua kwa sababu ya kuanza kwa viwanda na uharibifu uliofuata.

Nilipoisoma habari hiyo nililitoa tena donge. Sisimizi wetu huenda alipanda shina lile wakati Wareno wapo Kilwa, au baada ya Waomani kuwafukuza, au hata karibu na kuzaliwa kwa baba wa babu wa mchimbaji. Kwa muda nilijiona nimenyang'anywa. Halafu nikaanza kumpenda zaidi. Yule wa milioni arobaini alikuwa mgeni kabisa. Huyu huenda aliuma mguu wa mtu aliyejua Kiswahili.

Lazima niseme kwamba wenye kosa kama langu si walimu wa vijijini peke yao. Katika jumba la makumbusho la elimu ya viumbe la London palikuwa na nzi ndani ya kaharabu ya Baltiki. Mjerumani Hermann Loew alimweleza mwaka 1850. Jumba lilimpata mwaka 1922. Mwaka 1966 Willi Hennig, bingwa wa elimu ya nzi ambaye hakuwa na mpinzani, alimchunguza akashangaa, kwa sababu alikuwa hana tofauti yoyote na nzi wa chooni anayeruka leo. Akaandika mshangao wake, akamkubali. Mwaka 1993 kijana mmoja mtaalamu, Andrew Ross, alikuwa akimtazama chini ya darubini, na joto la taa likatoa ufa kuzunguka nzi. Ufa huo ulikuwa mstari wa gundi. Mtu fulani katika karne ya 19 alikuwa amelipasua jiwe la kaharabu vipande viwili, akachimba shimo dogo, akamlaza nzi wa chooni wa siku zake, akajaza na kuunganisha. Wataalamu walimstahi nzi huyo kwa zaidi ya miaka 140. Hennig aliona kwamba nzi amefanana mno na walio hai, lakini alikuwa tayari ameukubali umri, basi akaacha umri uyashinde macho yake. Nilipokisoma kisa hiki nilicheka peke yangu, kisha nikamkumbuka msichana.

Na yule mvulana wa filamu naye anastahili jibu. Wiki ile ile filamu ilipotoka Marekani, mwezi Juni 1993, jarida kubwa la sayansi lilichapisha habari kwamba vinasaba vimepatikana katika fukusi aliyenaswa ndani ya kaharabu ya Lebanoni, mwenye umri wa zaidi ya miaka milioni 120. Dunia ilishangilia. Mwaka 1997 wataalamu wa lile jumba la London walirudia majaribio ya namna hiyo kwa uangalifu mkubwa, wasipate chochote isipokuwa uchafu wa vinasaba vya viumbe wa leo. Mwaka 2013 wengine walijaribu kwa nyuki wadogo wasiouma waliomo katika kopali ya Kolombia, ambayo ni changa, wakakosa pia. Mwaka 2020 hatimaye walifanikiwa, lakini kwa mende waliokuwa wamekaa katika ulimbo kwa miaka miwili na miaka sita tu. Ulimbo huo ulitoka kwenye msandarusi, huko Madagaska. Mdudu anayeonekana mzima ndani ya kaharabu mara nyingi ni ganda tu, lenye uwazi katikati, kama chapa ya mtu kitandani baada ya kuamka. Hafufuliwi.

Lakini msandarusi una habari nyingine ambayo, laiti ningeijua, ningewafundisha kwa haki. Katika kisiwa cha Hispaniola, nchi ya Dominika, kuna kaharabu ya kweli ya miaka kama milioni 15 hadi 20, maarufu kwa wingi wa wadudu wake. Mti ulioitoa umekwisha kutoweka. George Poinar aliupa jina mwaka 1991 kutokana na maua na majani yaliyonaswa, na akaona kwamba katika jamaa zake wote walio hai, unaofanana nao zaidi si wa Amerika bali ni huu wa pwani ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo wataalamu wanaotaka kujua kaharabu ile ilivyowanasa wadudu wake wanakuja kwenye mti wetu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 waliufuata Madagaska, wakatundika mitego ya karatasi ya kunata kwenye mashina, wakalinganisha waliokamatwa na karatasi na waliokamatwa na ulimbo. Walikuta ulimbo huwakamata hasa wakazi wa shina na wapitao karibu yake. Hausimulii msitu mzima. Anayeishi juu ya kilele au mtoni haingii katika kumbukumbu. Nyuki wadogo wasiouma huingia kupita kiasi, maana wao huufuata ulimbo wenyewe wakajengee mizinga yao.

Sisimizi naye ni mkazi wa shina. Mwaka 1966 mume na mke waliokuwa wakiokota mawe ufukweni New Jersey waliokota kaharabu yenye sisimizi wawili wa miaka zaidi ya milioni 90. Walikuwa na sura nusu ya sisimizi na nusu ya nyigu, kama vile Edward Wilson wa Harvard na wenzake walivyotazamia babu wa sisimizi awe. Wilson mwenyewe ameeleza jinsi alivyokitoa kipande katika boksi kwa mikono inayotetemeka kikamponyoka, kikavunjika vipande viwili, na kwa bahati kila sisimizi akabaki mzima katika kipande chake. Mimi nililipitisha donge la bibi katika mikono ya watoto arobaini kila mwaka na halikuanguka.

Ingenifaa kuishia hapo kwenye mambo ya kufurahisha, lakini shimo la urefu wa mkono haliniachi. Kaharabu inayoleta habari kubwa kuliko zote katika miaka ya karibuni hutoka bonde la Hukawng katika jimbo la Kachin, Myanmar, na ina umri wa miaka kama milioni 99. Wanaoichimba hushuka katika mashimo membamba yanayomtosha mtu mmoja mwembamba. Mwaka 2017 jeshi la nchi hiyo liliwafukuza watu na kushika eneo la machimbo, na mwaka 2020 chama cha wataalamu wa visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo kiliyaandikia majarida kuyaomba yasitishe kuchapisha vielelezo vilivyotoka huko tangu vita hivyo. Wapo waliokubali, wapo waliopinga wakisema sayansi haina kosa. Nilipoisoma hoja hiyo ya pili nilisikia sauti ya Burton. Mdudu anapewa jina la Kilatini na la familia. Aliyemtoa ardhini haandikwi.

Kwetu uchimbaji ulififia polepole. Mwishoni mwa karne ya 19 mpira wa msituni ulilipa zaidi, kopali za nchi nyingine zikashuka bei, na baadaye rangi za viwandani zikaondoa haja. Misitu ya pwani imeendelea kukatwa kwa mkaa na mashamba. Miaka michache iliyopita nilikwenda upande wa Kisarawe nikamwomba mzee mmoja anionyeshe kama bado ipo misandarusi. Tulitembea asubuhi nzima. Njiani alinionyesha mabonde madogo madogo ardhini, yaliyojaa majani makavu, akasema wazee wao waliyaita mashimo ya sandarusi. Mti tuliupata mmoja, pembeni mwa shamba la mihogo. Ulikuwa na jeraha la panga, na kwenye jeraha ulimbo mpya wenye rangi ya maji, na katika ulimbo nyuki wadogo watano au sita. Mmoja alikuwa bado anachezesha mguu. Mzee alinitazama akauliza, "Unamtaka huyo, mwalimu?" Nilimwambia hapana.

Yule msichana nilimtafuta. Ilinichukua muda, kwa sababu alikwisha kuolewa na kuhamia mkoa mwingine, na sasa ni mama wa watu wazima. Nilimpigia simu. Alikuwa amelisahau swali lake kabisa. Alichokumbuka ni kwamba nilimkaripia. Nilimwambia alikuwa sahihi, na kwamba sisimizi yule ana mamia ya miaka, huenda mia tatu, huenda mia nne. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi Mwalimu, ni wa kwetu."

Wengine sikuwapata. Nilifundisha kwa miaka kumi na minne kabla ya swali lile, madarasa mawili kila mwaka. Kama ulikuwa mmoja wao na daftari lako lipo, fungua pale tulipoandika habari za sisimizi, ukate milioni arobaini, na juu yake uandike kwamba alichimbwa Uzaramo na mtu ambaye jina lake mwalimu hakuuliza wakati bibi yake alipokuwa hai.